Mishipa Mitatu ya Spika

Spika alijitolea figo yake Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mbele ya familia nzima, akiwa amesimama. Angekuwa amekaa, huenda mambo yangekwenda vingine. Lakini kazi yake ilikuwa kusherehesha harusi, na mshereheshaji akishasimama mbele ya watu walionyamaza, mdomo hufanya kazi bila kumwuliza mwenyewe.

Kikao kilikuwa cha mdogo wake wa kike, msusi, ambaye figo zake zote mbili zilikuwa zimegoma. Tangu mwaka uliopita alikuwa akiishi kwa mashine ya kusafisha damu, na sasa daktari alikuwa ametamka kwamba ndugu mmoja mwenye afya njema anaweza kumpa figo moja na wote wawili wakaishi. Familia ilipokea habari hiyo kwa furaha kubwa, kisha kila mmoja akaanza kuangalia zulia.

Mama akasema yake wachukue hata leo, lakini alikwishaambiwa kwamba umri umempita. Kaka mkubwa, mhasibu wa kampuni ya mabati, akakohoa, akatangaza kwamba yeye ana sukari. Aliitangaza kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Pole, mwanangu," Mama akasema.

"Ndiyo hali," Mhasibu akajibu, akajiegemeza kwenye kochi.

Ukafuata ukimya mrefu. Macho ya Mama yakazunguka chumba, yakamkuta Spika, yakatua hapo. Spika alihisi ukimya ule kooni kama mwiba wa samaki. Ukimya wa namna ile, ukumbini, ni aibu ya mshereheshaji. Akainuka.

"Mama," akasema, kwa ile sauti iliyompa jina lake, sauti nzito, yenye mwangwi hata bila spika. "Mimi nipo. Ipo figo moja hapa, ipo na nyingine hapa. Mdogo wangu achague."

Watu wakapiga makofi. Mama akalia. Msusi peke yake ndiye aliyekaa vilevile pembeni, mkono wake wenye mshipa uliovimba umefichwa chini ya mtandio.

"Kaka, umefikiria?" akamwuliza.

"Mdogo wangu, damu haifikirii!"

Makofi tena. Maneno hayo alikuwa ameyatumia wiki iliyopita kwenye harusi, kuhusu bwana harusi na mama mkwe wake.

Walipofika nyumbani mke wake, mwalimu wa chekechea, alivua viatu, akakaa kitandani, akamtazama.

"Ulikuwa unasema kweli, au ulikuwa unasherehesha?"

"Mke wangu, watanipima kwanza. Kuna vipimo chungu nzima."

Na hapo ndipo ilipokuwa siri ya ushujaa wake. Spika alikuwa na imani kubwa na ubovu wa mwili wake. Alikuwa mtu wa kula vya harusini, kulala alfajiri, kuvuta sigara nyuma ya mahema. Alitarajia presha. Alitarajia mafuta kwenye damu. Akikosa vyote hivyo, kundi la damu halitalingana. Atakataliwa kwa heshima, na jina la mtu aliyejitolea litabaki kuwa lake maisha yake yote, bila kuchanjwa hata ngozi.

---

Mwili wake ukamwangusha. Damu ililingana. Presha ilikuwa ya mvulana wa shule. Mapafu yalikuwa safi, jambo lililomshangaza hata muuguzi aliyenusa koti lake. Kila majibu yalipotoka, Mama alipiga simu kwa ndugu wote kuwaeleza habari njema, na kila habari njema ilimpunguza Spika kilo. Ilifika mahali akamwuliza muuguzi kama kweli hawajachanganya chupa.

"Hatujachanganya," muuguzi akasema. "Una bahati, baba. Watu wa umri wako wanakuja hapa wameoza."

"Kweli nina bahati," Spika akasema, akaenda kukaa kwenye benchi, kijasho chembamba kikimtoka.

Kikabaki kipimo kimoja, picha ya mishipa ya damu inayoingia na kutoka kwenye figo. Walimlaza kwenye mashine yenye umbo la pete kubwa, wakamchoma sindano ya dawa iliyompitia mwilini kwa joto hadi akadhani amejikojolea. Mpiga picha, mama mmoja mnene aliyekuwa akitafuna ubani, aliangalia kompyuta yake, akaacha kutafuna.

"Eh. We una mishipa mitatu huku."

"Mitatu ya nini?"

"Ya kupeleka damu kwenye figo. Watu wengi wana mmoja kila upande. We kushoto unayo mitatu."

Moyo wa Spika ukaruka. "Ni vibaya?"

"Kwa kuishi, hata iwe kumi, utazeeka nayo. Shida ni kwa kukata. Daktari atakueleza."

Spika hakuhitaji kuelezwa. Aliomba nakala ya picha, akaibana kwapani, akatoka hospitalini kama mfungwa aliyepewa msamaha wa rais. Njiani alinunua sigara, akaivuta yote akiwa amesimama juani, akitabasamu na watu asiowajua.

Alipofika kwa Mama, tabasamu alikuwa ameliacha mlangoni.

"Mama," akasema, akakaa taratibu kama mtu aliyetoka kuzika. "Mwili wangu umenisaliti."

Akaishikilia ile picha kwenye mwanga wa dirisha, akaonyesha kwa kidole. Huu wa juu, huu wa kati, huu wa chini, mwembamba kama uzi. Mitatu, mahali panapotakiwa mmoja. Macho yakamlowa, na hayakuwa machozi ya kuigiza. Yalikuwa ya mtu aliyeponea chupuchupu, ila waliokuwa pale hawakuwa na namna ya kutofautisha.

Mama alimkumbatia. "Usijilaumu, baba. Wewe moyo wako uliutoa."

Mhasibu akampiga begani. "Umetimiza sehemu yako. Hata mimi, bila hii sukari..."

Akapakuliwa chakula. Akapewa kiti chenye mgongo. Msusi aliiangalia ile picha kwa muda, akaigeuza, akaiangalia tena.

"Na ya kulia?" akauliza.

"Nini ya kulia?"

"Figo ya kulia, kaka. Unazo mbili, au?"

"Hawakuizungumzia," Spika akajibu, akaweka tonge kubwa mdomoni. Mke wake alimtazama kwa jicho lile analomtazamia mtoto anayesema chaki imeliwa na mwenzake.

---

Picha ilikaa sebuleni kwa Spika wiki nzima, imeegemezwa kwenye kabati la vyombo. Kila mgeni alionyeshwa. Jirani mmoja alitoka akiamini kwamba mishipa mitatu ni ishara ya uongozi.

Kisha hospitali ikampigia simu. Daktari mpasuaji anamtaka.

Mhasibu aliandamana naye, maana Mhasibu hakukosa kuandamana na jambo lolote lisilomhitaji yeye kulifanya. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua, pua nyekundu, sanduku la tishu mkononi. Aligeuza kompyuta yake kuwaelekea.

"Hii kushoto ndiyo tuliyoitaka," akasema. "Kawaida tunapenda kushoto, kwa sababu mshipa wake wa kurudisha damu ni mrefu, unashoneka kwa raha. Lakini yako ina hii mitatu ya kuingiza. Sasa figo si mtaa wenye vichochoro. Kila mshipa una shamba lake, haumwagilii la jirani. Ukiukata mmoja usiunganishe, shamba lake linakufa. Huu mdogo wa chini ndio mchokozi. Ukiutazama utasema ni uzi tu, utaudharau. Kumbe mara nyingi ndio unaolisha mrija wa mkojo. Mrija ukikosa damu unaoza, na mgonjwa anavuja mkojo tumboni baada ya wewe kujisifu kwamba upasuaji umefanikiwa."

"Kwa hiyo haiwezekani," Spika akasema, kwa huzuni ya daraja la kwanza.

"Inawezekana. Mishipa mitatu si ajabu kubwa, tunaweza kuiunganisha pembeni kabla ya kupandikiza. Ila kuna njia rahisi zaidi. Ya kulia ina mshipa mmoja, mzuri, mnyoofu. Wa kurudisha damu ni mfupi kidogo, utatuhangaisha, lakini hilo ni hangaiko letu. Tutachukua ya kulia."

"Mungu mkubwa!" Mhasibu akapaza sauti.

Spika alijaribu kusema Mungu mkubwa na yeye, ikatoka pumzi tu.

Daktari alipenga kamasi, akamgeukia Mhasibu. "Baba, naomba utupishe."

"Mimi ni kaka yake."

"Ndiyo maana."

Mlango ulipofungwa, kivuli cha viatu vya Mhasibu kilibaki kikionekana chini yake. Daktari akasogeza kiti karibu, akashusha sauti.

"Nakuuliza swali ambalo namwuliza kila mtu. Unataka kutoa figo?"

Hapakuwa na makofi mle ndani. Palikuwa na feni iliyokuwa ikigonga na mwanamke mwenye mafua.

"Naogopa," Spika akasema.

"Kuogopa si kosa. Nimeuliza kutaka."

Alitazama kivuli cha viatu. "Sitaki," akanong'ona.

Alitegemea atafokewa. Daktari akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

"Basi. Sisi tutasema hufai kutoa, na hatutoi sababu. Hakuna atakayejua, hata mdogo wako. Ni haki yako."

"Mtawaambia ni mishipa?"

"Sisi tutasema hufai. Wewe ukipenda kusema mishipa, mishipa unayo."

Huko nje Mhasibu alipoambiwa na Spika kwamba baada ya kutazama vizuri wameona haifai hata ya kulia, alisema madaktari wa siku hizi hawana msimamo. Spika alikubaliana naye.

---

Kwa kuwa sasa alikuwa shujaa aliyezuiwa na maumbile, hapakuwa na sababu ya kutomsindikiza mdogo wake kwenye mashine. Mama ndiye aliyelitoa wazo hilo. "Mkapeane moyo," akasema. Spika, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akimshusha Msusi getini na kukimbilia ukumbini kupima vipaza sauti, hakuwa na pa kuingilia mitini.

Chumba kilikuwa kirefu, chenye viti vya kulalia pande mbili, na mashine pembeni ya kila kiti. Damu ilitoka mkononi mwa mtu kwa mpira mmoja, ikazunguka, ikarudi kwa mwingine. Msusi alijilaza kwa mazoea kama mteja wake mwenyewe anavyojilaza kuoshwa nywele. Muuguzi alimchoma sindano mbili, nene kama misumari. Spika akageuka kutazama ukuta.

Kiti cha pili alilala mstaafu wa posta, mzee mkavu mwenye kofia ya sufu. Upande wa pili, mama mwenye duka la vyombo, aliyekuwa akipanga bei kwa simu huku damu yake ikizunguka.

"Huyu ndiye kaka?" mzee akauliza.

"Ndiye," Msusi akasema. "Alitaka kunipa figo. Mishipa ikakataa."

Mzee na mama wa duka wakatazamana. Kisha mama wa duka akaanza kucheka, akacheka mpaka mashine yake ikapiga kelele na muuguzi akaja kuibonyeza.

"Samahani, dada," akasema, akifuta macho. "Samahani sana. Humu ndani sote tuna ndugu wenye mishipa ya ajabu."

"Wangu alikuwa na minne," mzee akasema. "Minne! Nikamwambia daktari, huyo uliyempima si ndugu yangu, ni mti."

"Wa kwangu hawakumkuta kabisa na figo ya pili," mama wa duka akadakia. " Alipoambiwa hakuna atakayemkata, wiki ileile alikuwa anacheza mpira."

Wakacheka, na kiti cha tatu nacho kikacheka bila kujua kinachochekwa. Hawakucheka kwa chuki. Walicheka kama watu wa kazi moja wanaozungumzia vifaa vibovu. Spika alihisi masikio yakimwaka. Msusi naye alikuwa ameanza kucheka, kisha akamwona kaka yake, akaacha.

"Hapana jamani," akasema, akainua kichwa kutoka kwenye mto. "Ya huyu ni ya kweli. Nimeiona picha mwenyewe. Mishipa mitatu, hii hapa, hapa na hapa. Alilia, Mama ni shahidi. Msimweke kundi moja na hao wenu."

Mzee wa posta akavua kofia yake.

"Bwana, niwie radhi," akamwambia Spika. "Mtu anazoea uongo mpaka anamtukana mkweli. Niwie radhi sana."

"Usijali, mzee," Spika akasema. Ile sauti yake ya mwangwi ilitoka nyembamba kama ya mtu aliyepaliwa.

Kabla saa za mashine hazijaisha, presha ya Msusi ilianguka. Midomo ikawa ya kijivu, macho yakapinduka. Muuguzi akakimbia, akainua kiti upande wa miguu, akampa Spika beseni bila hata kumwangalia yeye ni nani. Spika akalishika. Msusi alitapika ndani ya beseni, na kidogo mkononi mwa kaka yake, na macho yalipomrudia alimwona bado amelishika.

"Pole, nimekuchafua," akasema.

"Huwa inakuwa hivi?"

"Leo imekuwa nzuri."

---

Alimweleza mke wake siku hiyohiyo jikoni, wakati watoto wakiwa nje wanacheza. Alieleza kuhusu daktari, kivuli cha viatu na ile figo ya kulia. Mke wake alikuwa anaosha vikombe. Aliosha kimoja mara tatu.

"Kwa hiyo ulikaa kwenye kile kiti chenye mgongo."

"Ndiyo."

"Ukala nyama ya watu."

"Ndiyo."

"Ukaniwekea picha sebuleni, mimi nikawa naifuta vumbi." Akaweka kikombe chini. "Mishipa yote ile mitatu, mume wangu, na wa aibu hata mmoja haumo?"

Mke wake akarudi kwenye vyombo, mgongo ukimtetemeka, na Spika hakuweza kujua kama analia au anacheka. Baadaye akasema bila kugeuka, "Unataka kwenda kuitoa."

"Nadhani nataka."

"Usidhani. Una watoto wawili. Nenda ukijua." Akafuta mikono. "Na ukifa, nakuua."

Daktari mpasuaji alikuwa amepona mafua, lakini hakuwa amepona shaka. Alimtazama Spika kama mteja aliyerudisha nguo dukani.

"Nani amekutisha?"

"Hakuna."

"Umeahidiwa kitu?"

"Na nani? Sisi wenyewe tunachangishana nauli."

"Basi kwa nini umebadilika?"

Spika, aliyeweza kuwazungumzia maharusi asiowajua tangu alasiri mpaka usiku, alitafuta maneno hewani asiyapate. "Kuna mzee mmoja kule kwenye mashine," akasema mwishowe. "Aliniomba radhi."

Daktari hakuelewa. Akampeleka kwa mshauri nasaha, na mshauri nasaha akamwita mara mbili, naye pia hakuelewa, lakini akaandika kwamba mtu huyu anaonekana kujua anachokifanya.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo tu, kumwambia mgonjwa.

Alimkuta saluni kwake, amekaa juu ya kigoda kwa sababu kusimama kulimshinda siku hizi, akimsuka mama mmoja wa benki. Spika aliomba faragha.

"Sema tu," Msusi akasema. "Huyu nimemjua miaka. Akishikwa kichwa hasikii."

Akasema. Safari hii hakupamba. Vidole vya Msusi viliendelea kusuka, vikasuka haraka zaidi, vikakaza.

"Ai! Dada, unaning'oa!" mama wa benki akapiga kelele, akijishika kichwa. Ilionekana alikuwa anasikia vizuri tu.

Msusi aliacha nywele. "Ya kulia ilikuwa nzima," akasema.

"Ilikuwa nzima."

"Na mimi nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Nikakutetea mbele ya wale watu. Mzee akavua kofia." Alizungumza taratibu, kama anayehesabu vitu vilivyoibwa. "Kaka, ungeniambia naogopa, ningekuelewa. Mimi mwenyewe naogopa sindano mpaka leo. Kwa nini ulinililia?"

"Mdogo wangu, figo ipo. Daktari amekubali. Ukisema leo..."

"Toka."

"Nakuomba..."

"Toka na figo yako!"

Akatoka. Hivyo ndivyo Spika, aliyetumia miezi miwili kuomba figo yake ikataliwe, alivyoanza kuzunguka na figo isiyotakiwa. Alimpigia simu, hakupokelewa. Alimtuma mke wake, akarudi na jibu lisiloandikika. Na kwa Mama, ambako hakuna aliyejua lolote, aliendelea kuwekewa kile kiti chenye mgongo. Alikuwa akikaa ukingoni kama mtu aliyealikwa kwa makosa.

Kisha mshipa wa mkono wa Msusi, ule wa mashine, ukaziba. Wakamtoboa shingoni. Spika alizuiwa mlangoni mwa wodi na sauti ya mdogo wake mwenyewe, "Huyo asiingie." Siku ya pili yake, sauti ileile ikasema aingie.

Alikuwa amelala, mipira ikining'inia shingoni, uso umemvimba.

"Nitaichukua," akasema. "Usifurahi. Nimelala hapa nikajiuliza, nife kwa hasira au niishi nayo. Nataka kuishi. Bahati mbaya mwenye kuuza ni wewe."

"Siuzi..."

"Nyamaza. Mama na kaka utawaambia wewe mwenyewe. Yote. Na usiniombe msamaha kabla ya kupasuliwa. Nataka wakufungue watoe figo, wasije wakakuta unategemea kulipwa msamaha."

Spika aliwaambia. Alikaa chini kwa makusudi, akaongea akiangalia magoti yake, na ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Mama aliweka kiganja mdomoni. Mhasibu ndiye aliyeinuka. Alisema hajawahi kuona udhalilishaji wa namna hii katika familia. Alisema mtu mzima anapotoa neno, neno ni deni. Alizungumzia heshima ya marehemu baba yao, na kidole chake kilikuwa kimeanza kupanda hewani Mama alipomkatiza kwa sauti ya chini.

"Na wewe, mwanangu. Hiyo sukari yako, ulipimwa hospitali gani?"

Mhasibu akasema simu yake inaita. Akaenda kuipokea nje. Hakuna mwingine aliyeisikia ikiita.

---

Upasuaji ulichukua muda mrefu kuliko walivyoambiwa. Ule mshipa mfupi wa kurudisha damu ulimhangaisha daktari kama alivyosema; alitoka na alama za barakoa usoni, akasema wameshona, wakafumua kidogo, wakashona tena, na sasa damu inaingia na kutoka. Mke wa Spika alitaka kumkumbatia, daktari akarudi nyuma, akasema bado mapema. Figo ilikuwa imepokea damu. Kazi ilikuwa bado haijaanza kufanya.

Haikufanya siku hiyo. Haikufanya kesho yake. Mfuko wa mkojo ulining'inia kando ya kitanda cha Msusi, mtupu na mkavu, na Mama alikaa akiukodolea macho kama anayesubiri maziwa yachemke. Mhasibu alikuja na matunda, akasimama mlangoni, akaambiwa wageni hawaruhusiwi, akashukuru sana.

Spika aliyasikia hayo wodi ya wanaume, amejikunyata upande wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na mshono unaowaka. Hakuwa na hadhira. Mgonjwa wa jirani alikuwa kiziwi. Alilala akiwazia kipande cha mwili wake kilichokuwa chumba cha tatu, kimegoma, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile alitaka kitu bila kujali nani anamwona akikitaka. Kifanye kazi tu. Hata kama mdogo wake atamchukia mpaka kaburini, kifanye kazi.

Asubuhi iliyofuata Mama aliingia wodi ya wanaume bila ruhusa, amekimbia na kandambili za hospitali, muuguzi akimfuata nyuma.

"Anakojoa!" akapiga kelele. "Anakojoa, mwanangu! Mfuko umejaa, wamemwaga, umejaa tena!"

Hata kiziwi aligeuka.

Walimruhusu kwenda kumwona mchana, akitembea kama mzee, mkono ubavuni, mke wake akimshika kiwiko. Msusi alikuwa ameketishwa, mito mgongoni. Uvimbe wa usoni ulikuwa umeanza kushuka, na chini yake alionekana yule mwanamke mwenye mdomo mkali waliyekuwa wamemsahau. Mke wa Spika akasema anakwenda kutafuta muuguzi, akawaacha.

Wakatazamana. Spika alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga, akayaacha yote.

"Inaendeleaje?" akauliza.

Msusi alitazama mfuko kando ya kitanda, kisha akaweka kiganja juu ya tumbo, chini, upande ule uliofungwa bandeji, taratibu, kama mtu anayeangalia kama mtoto amelala.

"Yenyewe haina neno," akasema. "Inachapa kazi. Nimeshaipokea."

"Na mimi?"

Msusi alimwangalia kwa muda, kuanzia kandambili mpaka usoni.

"Wewe bado nakufikiria. Kaa, usije ukaanguka hapa wakasema nimekuua."

Akamsogezea kiti kwa mguu. Spika akakaa.